Saruji Ndani ya Mti

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa Miti amefika saa tatu kasorobo, robo saa kabla ya muda alioahidi. Si daktari. Ni afisa wa halmashauri anayekagua miti ya barabarani, na mtaa umempa jina hilo kwa namna anavyofanya kazi: anaugonga mti kwa nyundo ya mbao, anaweka sikio kwenye gome, anafumba macho, kisha anatamka neno moja au mawili. Leo maneno hayo nilikuwa nayaandika mimi. Kamati ya mtaa imenichagua kuweka kumbukumbu za miti msimu huu wote wa mvua, kwa kuwa niliandika habari za mahakamani kwa miaka thelathini na moja. "Wewe ndiye mwandishi wetu," alisema Mwenyekiti, kana kwamba miti imeshtakiwa.

Daftari la kamati lina miraba na tarakimu tu. Hili ni langu.

Mijakaranda ni kumi na saba, yote ya mwaka mtaa ulipofunguliwa. Ina miaka hamsini na minane. Daktari anasema mjakaranda wa barabarani ukishapita hamsini unahesabiwa mzee, na mzee hakaguliwi kwa macho. Namba 3 na namba 16 imelia kama ngoma. Itakatwa wiki hii.

Namba 11 uko langoni kwangu. Ameugonga mara tatu, mahali patatu. "Huyu bibi ana mifupa," akasema. Fundi wa viatu na miavuli, anayefanya kazi chini ya mti huo, alikuwa na uzi mdomoni na mwavuli wa mtu magotini. Akautoa uzi na kusema, "Ningekwambia bila nyundo. Mti wangu haujawahi hata kukohoa."

Nimeandika: sauti nzito. Tukaenda namba 12.

Jumanne, 4 Machi

Niandike na kilichobaki.

Miaka kumi na tisa iliyopita lori lilikwanyua tawi la chini la namba 11, pakabaki tundu kubwa la kuingiza kichwa, na ndani palikuwa pameoza. Ukurasa wa bustani wa gazeti letu wenyewe ulishauri watu wajaze mapango ya miti kwa saruji, kama daktari wa meno anavyoziba jino. Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu, alipenda kazi yenye vipimo. Tulikuwa na saruji iliyobaki kwenye ukuta. Jumamosi moja, tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, yeye alikoroga na mimi nikamimina. Tulimimina ndoo ishirini na sita. Gome likajifunga juu yake kidogo kidogo, na sasa kimebaki kishono tu, kama cha mtu aliyepasuliwa zamani akapona. Mume wangu ana miaka sita kaburini.

Kwa hiyo nyundo ya jana haikusikia mti. Ilisikia saruji. Mimi nilijua, Daktari hakujua, na nilinyamaza.

Sababu ni hii. Halmashauri huwaruhusu mafundi wadogo kufanya kazi barabarani kwa sharti la kukaa kwenye kivuli cha mti, na kila kibali huandikwa namba ya mti. Cha Fundi kimeandikwa namba 11. Mti ukikatwa, kibali kimekufa nao, na Mwenyekiti ameshasema mkutanoni kwamba kamati haitaomba kingine kwa ajili ya mtu yeyote. "Mtaa wetu si gulio." Fundi akiondoka, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi sina mtu wa kuzungumza naye. Huko si kuongeza chumvi. Wiki iliyopita nilijaribu kukumbuka niliongea na nani mwingine. Nilimwambia muuza duka "asante" mara mbili.

Huenda mti ni mzima kuzunguka saruji. Sijui, na jana nilikuwa na mtu wa kumuuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Namba 3 imekatwa. Ndani mlikuwa na vumbi jekundu na kiota cha panya.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu amepiga simu. Dakika sita. Anauliza kama nakula.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Milimita 11 kwenye kopo.

Mvua ndiyo msimu wa Fundi. Miavuli iliyolala mwaka mzima juu ya makabati inatolewa ikiwa imevunjika mbavu, na viatu vinaanza kufumbua midomo. Leo alikuwa na foleni ya watu watano. Yeye ni mwanamke mnene wa miaka arobaini na ushei, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na mwavuli anaojifunika yeye mwenyewe umetoboka mahali pawili.

"Mbona wako huushoni?" nikamuuliza.

"Mganga hajigangi, Shangazi."

Ananiita Shangazi tangu alipojua nilikuwa gazetini. Kila mtu anadhani mwanamke wa gazetini kazi yake ni kujibu barua za wapenzi. Nimemweleza mara nyingi kwamba nilikaa benchi la waandishi mahakamani nikisikiliza kesi za mauaji na mashamba.

"Si yale yale?" akasema. "Mapenzi yakiisha, watu wanafika kwa hakimu. Haya nisaidie: kuna mteja wangu, ana mke, kila wiki ananiletea kiatu kile kile. Nikishona, anakwenda kukipasua. Nimfanyeje?"

"Kishone kwa waya."

Alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Nilimpelekea chai, tukanywa nikiwa nimesimama, kwa kuwa kigoda ni kimoja.

Jumamosi, 15 Machi

Milimita 8. Hakuna tawi lililoanguka.

Alhamisi, 20 Machi

Milimita 34, tangu alfajiri hadi saa nne. Katika kukagua nimeona ufa kwenye udongo nyuma ya namba 11, upande wa ukuta wangu, umbo la mwezi mchanga, hatua moja kutoka kwenye shina. Upana wake ni milimita 4. Mti umeinamia barabarani, na ufa uko upande wa pili.

Katika daftari la kamati nimeandika: ufa, mm 4. Ni kweli tupu. Kwa kazi niliyofanya najua jinsi ya kuandika kweli tupu ikapita bila mtu kugeuka.

Jumapili, 23 Machi

Simu, dakika tano. Mjukuu alikuwa amekwenda kuogelea.

Jumanne, 25 Machi

Mwenyekiti amepita na bakora yake. Alisimama mbele ya Fundi kama mtu anayesoma tangazo.

"Hivi vipande vya ngozi vinaziba mfereji," akasema.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Nasema vinaziba mfereji."

"Nimesikia, mzee wangu. Na kiatu chako cha kushoto nacho kimesikia, kinacheka. Lete nikifunge mdomo kabla hakijatukana mtu."

Aliangalia kiatu chake. Soli ilikuwa imeachia mbele. Akakivua, akasimama kwa mguu mmoja ameushika mti wangu, mzee mzima wa kamati na soksi yake yenye tundu. Alipoondoka kiatu kilikuwa kimefunga na mfereji haukutajwa tena. Nilitazama yote hayo kutoka langoni. Nilichotazama zaidi ni mkono wake kwenye gome.

Jumamosi, 29 Machi

Milimita 19. Ufa 6.

Alhamisi, 3 Aprili

Milimita 41. Ufa 9. Namba 7 imeangusha tawi juu ya nyaya. Mtaa hauna umeme. Nimekula mkate.

Jumapili, 6 Aprili

Simu, dakika nne, ikakatika. Nilisubiri. Haikupigwa tena.

Jumanne, 8 Aprili

Nimechukua timazi ya mume wangu, ile kamba ya kufundishia yenye kipande cha risasi, nikaifunga juu ya shina kwa ngazi na kuiacha ining'inie. Kwenye mita mbili, uzi uko sentimita 23 mbele ya shina. Sina kipimo cha zamani cha kulinganisha. Nimeweka alama kwa misumari miwili.

Fundi alinishikia ngazi. "Shangazi, kwa umri wako unapanda miti?"

"Napima."

"Unapima nini? Mti haukui tena huo. Umechoka kama wewe." Kisha, nilipokuwa nashuka, akasema bila kuniangalia: "Mimi mti huu ukitikisika naujua. Miaka minane mgongo wangu uko hapa. Mume hajanibeba hivyo."

Ilikuwa nafasi. Nilikuwa na mguu mmoja chini na mmoja kwenye ngazi. Nikamuuliza kama anataka chai.

Jumatatu, 14 Aprili

Timazi: 24.

Alhamisi, 17 Aprili

Milimita 27. Timazi 25. Ufa 14.

Leo nimejaribu njia ya pembeni. Nimemwambia Fundi kwamba baraza langu lina bati na sakafu kavu, ahamishie kazi pale mpaka mvua ziishe.

"Barazani kwako? Ndani ya geti?"

"Geti nitaliacha wazi."

"Shangazi, mteja wangu hapigi hodi. Anapita, anakumbuka kiatu, anasimama. Ukimwambia aingie nyumba ya watu anasema ngoja kesho. Mimi nauza kupitiwa njiani, sijui umenielewa?"

"Ni kwa ajili ya mvua tu."

"Mvua hii nimekaa nayo miaka minane." Akaweka msharasi chini, ule mkuki mdogo wa kutobolea ngozi, na kunikazia macho. "Au Mwenyekiti kakutuma?"

"Hajanituma."

"Kwa sababu anayetaka kukutoa kwa adabu huanza hivyo. Njoo ndani, mama, kaa vizuri, mama. Halafu siku ya pili geti limefungwa na wewe uko upande gani? Na nafasi yako nje keshakaa mtu."

Nilisema si hivyo. Akasema sawa. Chai ameikuta imepoa, akainywa yote, akarudisha kikombe juu ya ukuta badala ya kunipa mkononi.

Ijumaa, 18 Aprili

Fundi ameniamkia na kuinamisha kichwa kwenye kazi.

Jumamosi, 19 Aprili

Hivyo hivyo. Milimita 12.

Jumapili, 20 Aprili

Simu, dakika saba. Nilitaka kumweleza binti yangu kuhusu mti. Nilimweleza kuhusu mvua.

Jumatano, 23 Aprili

Uyoga umeota chini ya kishono cha namba 11, vipande vitatu vya kahawia, vigumu, vimepangana kama rafu. Kikubwa ni sentimita 9. Fundi ameutundika mfuko wa nyuzi juu yake. Unamfaa, anasema. Nayo ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu tangu Alhamisi.

Alhamisi, 24 Aprili

Milimita 58, na upepo kuanzia saa tisa mchana.

Wateja walikimbia. Fundi hakukimbia, alivuta turubai juu ya kigoda na kuegemea shina, kama afanyavyo siku zote. Mimi nilikuwa upande wa ukuta na rula. Nilikanyaga katikati ya ule mwezi wa ufa, na upepo ulipokuja udongo ukainuka chini ya kisigino changu, ukarudi, ukainuka, kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Nilihesabu mara kumi na moja. Upande wa pili wa shina, umbali wa mkono mmoja na nusu, Fundi alikuwa anaimba.

Nilimwita. Akasema, "Sitaki baraza lako."

Nikamwambia nimeanguka, nimeumia mguu. Ni uongo wa kwanza wa wazi katika jambo hili, na ndio uliofanya kazi. Aliacha kila kitu, akaja mbio kunishika kwapani, akaniingiza ndani, akanikanda kifundo cha mguu kisichokuwa na kitu kwa nusu saa huku upepo ukipita. "Kimevimba kidogo," akasema. Hakikuvimba.

Ufa: 31. Timazi sikuipima.

Ijumaa, 25 Aprili

Saa mbili na dakika tano asubuhi nimempigia simu Daktari wa Miti. Nimemwambia: ndani ya namba 11 kuna saruji, ndoo ishirini na sita, miaka kumi na tisa. "Kuna mtu chini yake?" akauliza. Nikasema yupo, amefika saa moja na nusu. "Mtoe," akasema. "Usisubiri nifike."

Nikatoka. Fundi alikuwa anapanga gundi na nyuzi. Akaniuliza mguu unaendeleaje.

"Mguu hauna kitu. Simama hapa kwangu nikwambie."

Labda ni sauti yangu. Alisimama, akavuka mfereji, akaja mpaka langoni na kiatu cha mtu mkononi. Nikamweleza kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nasoma hukumu kwa simu kwenda chumba cha habari: tundu, saruji, nyundo, kile alichosikia Daktari na kile nilichokijua. Ufa wa tarehe 20 Machi na ufa wa jana. Nilichomwambia kuhusu baraza na kwa nini. Mguu.

Aliniachia nikamaliza. Kisha akauliza, "Siku ile ya nyundo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Mimi nikasema mti wangu haujawahi kukohoa. Na wewe umesimama pale na kalamu."

"Ndiyo."

"Ukaandika nini?"

"Sauti nzito."

Alirudia maneno hayo mawili polepole, kama anaonja chakula cha mtu asiyemwamini. "Tangu siku ile ni siku ngapi?"

"Siku arobaini na saba za kazi, pamoja na leo."

"Umezihesabu."

"Nimezihesabu leo asubuhi."

"Basi hesabu ulikuwa nayo, Shangazi. Mdomo ndio uliokosa." Akakigeuza kiatu mkononi. "Kwa nini? Nieleze tu nielewe. Nimekukosea nini?"

Nikamwambia hajanikosea. Nikamwambia kwamba mti ukikatwa kibali chake kinakufa, angeondoka, na sina mtu mwingine.

Nilidhani nikilisema litapunguza kitu. Alinitazama kwa muda ambao sikuupima.

"Kwa hiyo ulinifuga," akasema. "Kama kuku. Unanimwagia punje asubuhi na paka yuko juu ya bati."

"Sikufikiri hivyo."

"Ungekuja Machi ukaniambia, Fundi, mti mbovu, ondoka, ningekutukana. Ningekutukana matusi ya kwetu yote. Ningekununia wiki. Halafu ningepita kukuamkia, maana napitia njia hii kwenda nyumbani. Ulifikiri mimi nakuja kwako kwa sababu ya mti?"

Alirudi chini ya mti kuchukua vitu vyake; nikapiga kelele asiende; akaenda. Alikusanya kila kitu bila haraka, nyuzi, gundi, kalibu za mbao za viatu, kigoda, na mfuko uliotundikwa kwenye uyoga. Ilimchukua dakika tisa. Nilisimama nje ya lango muda wote huo, upande ambao mti unaelekea. Haikuwa ushujaa. Sikujua pa kusimama.

Daktari alifika saa nne kasoro dakika tano na kekee ndefu. Alitoboa mahali panne. Kila mahali ncha ilipita kwenye mti mzima kiasi cha vidole viwili, ikazama mahali laini, kisha ikagota kwenye jiwe. Unga uliotoka ulikuwa kahawia, umelowa, unanuka kama kabati lililofungwa. Akaeleza bila hasira kwamba saruji haipumui. Inashika maji ubavuni, na mti unaoza kwa siri huku ukilia vizuri.

"Nimekagua miti miaka ishirini na miwili," akasema. "Huu ulinidanganya."

"Haukukudanganya mti," nikasema. Akatikisa kichwa kukubali na kuendelea kukunja kamba. Alifunga barabara kwa utepe.

Jumapili, 27 Aprili

Simu. Nilimweleza binti yangu yote. Dakika kumi na tisa. Alisema, "Mama, kwa nini hukuniambia kwamba uko peke yako?" Nikasema hukuuliza hilo, unauliza kama nakula.

Jumatatu, 28 Aprili

Namba 11 imekatwa, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tisa. Walianzia juu, matawi yakashushwa kwa kamba. Kwenye shina msumeno wa injini uliingia vizuri, kisha ukapiga cheche na kurusha meno. Mkataji alitukana, akabadilisha mnyororo, akatukana tena. Mwishowe wakaubandua mti kwa shoka vipande vipande, na saruji ikabaki imesimama peke yake barabarani, nguzo ya kijivu iliyonizidi kimo, nene kiunoni na nyembamba juu, na kila mkunjo wa pango la zamani umechorwa juu yake. Mwenyekiti aliizunguka mara mbili.

"Ungesimama miaka kumi mingine huu," akasema.

Daktari akaokota kipande cha shina na kumpa. Mwenyekiti akakibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaingia.

Jumanne, 29 Aprili

Fundi amepita. Hakuja kwangu, alisimama mbele ya nguzo. Kati ya saruji na kisiki pamebaki mwanya. Aliingiza mkono, ukaenda mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akaufuta kwa kanga. Nilikuwa dirishani. Alijua nilikuwa dirishani. Akaondoka kuelekea barabara kubwa.

Jumatano, 30 Aprili

Milimita 22.

Ijumaa, 2 Mei

Milimita 30. Maji yameingia barazani kwa mara ya kwanza. Zamani majani yalikuwa yanayavunja nguvu.

Jumanne, 6 Mei

Sikuzungumza na mtu.

Jumatano, 7 Mei

Wala leo. Milimita 9.

Jumamosi, 10 Mei

Muuza duka amesema Fundi amepata nafasi kituo cha mafuta, chini ya bati la wanaojaza upepo. Aliniambia bila mimi kuuliza, akisubiri niseme kitu. Nimemwambia asante.

Jumatano, 14 Mei

Daktari wa Miti amerudi. Anataka tupite nyumba zote zenye mti mbele yake na kuuliza swali moja: mmewahi kuweka nini ndani? Alisema anayepaswa kuuliza ni mimi. Sikumuuliza kwa nini.

Tulianza saa tatu. Nyumba kumi na nne, na kila mlango nilianza kwa kusema nilichofanya mimi, kwa sentensi tatu. Baada ya hapo watu walisema. Namba 5 kuna matofali na waya wa seng'enge. Namba 9 kuna lami; marehemu baba wa mwenye nyumba aliileta kutoka kazini. Namba 12, saruji, ukurasa ule ule wa bustani. Mwenyekiti alisema hana cha kusema, akatusindikiza mpaka mlangoni, kisha akatuita tukiwa tumeshafika barabarani. Namba 14 kuna nondo mbili. Alizipigilia mwenyewe mwaka aliostaafu ili mti usimwangukie. "Nilikuwa naogopa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa hoja mkutanoni.

Miti minne itatobolewa upya. Mafundi wawili wenye vibali vya namba 5 na 12 wamehamishwa leo hii hii, na safari hii Mwenyekiti ameandika barua ya kuomba namba nyingine kwa ajili yao. Nilimwomba aongeze jina la tatu. Akaongeza, kisha akaniuliza kama mwenyewe anataka kurudi. Nikasema sijui, hatujazungumza.

Jumapili, 18 Mei

Simu, dakika kumi na mbili. Mvua hakuna.

Alhamisi, 22 Mei

Jibu la halmashauri limetoka haraka kuliko nilivyotarajia. Wawili wamepewa. Cha Fundi kimekataliwa: mwombaji amekwisha kupata mahali pengine. Nimeisoma barua mara mbili nikitafuta kosa la kukatia rufaa. Haina kosa.

Jumapili, 25 Mei

Milimita 3. Simu, dakika tisa.

Jumamosi, 31 Mei

Manyunyu, chini ya milimita moja. Daktari ameniambia nifunge daftari la kamati leo, msimu umekwisha. Jumla ni milimita 611. Miti iliyokatwa sita, pamoja na mitatu ya ile minne iliyotobolewa, iliyobaki kumi na mmoja. Aliyeumia hakuna. Nimesaini.

Soli ya kiatu changu cha kulia imeachia. Nilihakikisha imeachia kweli kabla ya kutoka nyumbani. Nikavaa vile vingine, nikakitia kile kwenye mfuko, nikatembea hadi kituo cha mafuta, dakika ishirini na nne kwa mwendo wangu.

Bati la pale ni refu na lina taa. Fundi amekaa kati ya mashine ya upepo na rundo la matairi, kigoda ni kile kile, miwani ni mipya. Mahali pamejaa watu. Magari yanasimama, madereva wanashuka na viatu na mikanda na mifuko ya watoto, na wote anawapigia kelele kwa pamoja. Nilimsikia kabla sijamwona. Nilifika mbele yake, nikatoa kiatu, nikasema hujambo.

Alikitazama kiatu. Alichukua muda, akaikunja soli, akaona kwamba imeachia kweli. Akanirudishia mkononi.

"Foleni inaanzia kule," akasema.

Kulikuwa na watu sita. Nikaenda kusimama nyuma ya mwanamume mwenye mkanda uliokatika.